"Huyu anaandika saa zake wapi?" Nimeulizwa mbele ya watu 14

Fundi wa Bawa: Ndugu zangu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana, meneja wa mradi, mnamjua. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha ndege za kijeshi hapa Marekani anamjua. Nilikuwa ninaeleza dosari niliyoiona katika hesabu za kiungio cha bawa, akanikatiza, akamgeukia mhasibu wa mradi na kumwuliza: "Huyu anaandika saa zake wapi?" Huyu! Miezi kumi na minne nimekokotoa nguvu za bawa lake, na leo mimi ni "huyu". Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kiasi cha kupigwa riveti.

Kwa wasioufahamu mfumo wa matriksi, ulioenea katika makampuni haya miaka ya 1960: mkuu wa idara ndiye anayekuajiri na kukupandisha cheo, kisha anakuazimisha kwa meneja wa mradi, ambaye ndiye mwenye fedha. Kwa kuwa mkataba ni wa serikali, kila saa huandikwa siku hiyo hiyo chini ya namba ya mradi, na namba ikifungwa, wewe ni gharama isiyo na mwenyewe. Nilipompigia mkuu wa idara, aliniambia nimalizane na mradi. Mradi ulikuwa umeshaniambia nirudi idarani. Nimekaa nusu saa kwenye ngazi za dharura, na hata hiyo nusu saa sijui niiandike wapi.

Mwaka 1943 mhandisi Kelly Johnson wa kampuni ya ndege ya Lockheed aliwaweka wahandisi na mafundi wachache mahali pamoja chini ya bosi mmoja, nao wakaunda ndege ya kivita ya XP-80 kwa siku 143. Mimi nina mabosi wawili na sina hata mmoja. "Huyu"! Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwake.

Mpima Riveti: Pole sana, kaka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini wewe umefungwa kamba mbili, na kila mwenye kamba anasema kuku si wake.

Mzee wa Hanga: Kijana, acha kulia. Mkaguzi wa serikali akikuta saa zako zimeandikwa kwenye mkataba usiohusika, kampuni inaweza kushtakiwa kwa udanganyifu. Unataka kuitwa jina au unataka kulipwa?

Fundi wa Bawa: Shikamoo, mzee. Swali silikatai, ninakataa "huyu". Jina langu lilikuwa kwenye beji, kifuani.

Mgeni wa Viza: Wewe una grini kadi na uliingia kikaoni. Mimi niko upande wa ndege za abiria katika jengo lenye kazi za kijeshi, na kwa kanuni za ITAR, yaani kanuni za Marekani za kudhibiti silaha na siri zake zisitoke nje, mchoro wa silaha ukionyeshwa kwa mgeni kama mimi humu humu ndani, unahesabiwa kuwa umesafirishwa hadi nchi yangu. Kwa hiyo ninasindikizwa hadi chooni, na msindikizaji wangu anaangalia saa yake.

Mwanatanga Hamburg: Mnalalamikia vyumba, sisi tumegawanywa kwa nchi. Waulizeni wa A380, ile ndege kubwa ya abiria ya Airbus: Toulouse, Ufaransa, walitumia toleo jipya la programu ya kuchorea, Hamburg, Ujerumani, wakabaki na la zamani, na katika ndege yenye zaidi ya kilomita 500 za nyaya, nyaya zikafika zikiwa fupi. Ndege zilichelewa takriban miaka miwili, na hadi leo tunaotoka Hamburg tukifika Toulouse tunatazamwa kama tumebeba nyaya hizo mfukoni.

Fundi wa Bawa: Tafadhali, tunaweza kurudi kwenye kikao changu? Amesema "huyu" mbele ya watu 14.

Mzee wa Hanga: Mwanatanga, usiwatupie Toulouse lawama. Nyaya zilifungwa Hamburg.

Mwanatanga Hamburg: Mzee, zilifungwa kwa mchoro upi?

Mgeni wa Viza: Huko Hamburg mnasindikizwa chooni?