Mbunge wetu huku Tanga: Dodoma ni shukrani, jimboni ni jezi, kazi tuliyomtuma haifanyiki

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Mkoa wetu wa Tanga una majimbo 12 na la kwetu ni mojawapo. Silitaji, wala mbunge simtaji, kwa sababu jina likishaandikwa hapa mada itageuka kuwa ya nani yuko kundi la nani, na machawa wataijaza picha za mheshimiwa akikabidhi mipira. Nataka tujadili kazi.

Kazi yenyewe imeandikwa. Ibara ya 63 ya Katiba inalipatia Bunge madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na inasema Bunge laweza kumuuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wizara yake. Kusimamia. Kuuliza. Kwenye ibara hiyo sijaona habari za kugawa jezi wala kufungua fainali za mpira.

Sasa sikilizeni alichofanya kwenye mjadala wa bajeti ya TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wote mnajua hii wizara kwetu sisi wa vijijini ni kila kitu: zahanati ziko humo, walimu wa shule za msingi wako humo, barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ziko humo. Mbunge wa jimbo la vijijini akiwa na siku moja tu ya kusema kwa mwaka mzima, siku hiyo ndiyo hii. Tulirushiwa kipande cha video kwenye kundi la kijiji, nikakiangalia mpaka mwisho. Akaanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, sawa, hilo hakuna anayelipinga. Akaja kwa Rais, kwa Waziri Mkuu, kwa waziri mwenye hoja, kwa manaibu mmoja baada ya mwingine, kwa katibu mkuu, kwa mkuu wa mkoa, kwa mkuu wa wilaya, kwa mkurugenzi, kwa familia yake. Kengele ya kwanza ikalia bado yuko kwenye pongezi. Ndipo akasema, kwa haraka, kwamba jimbo lake lina changamoto ya barabara na anaiomba Serikali iliangalie kwa jicho la pekee. Kengele ya pili. "Naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Akakaa, wenzake wakampigia meza makofi.

Barabara ipi? Inatoka wapi kwenda wapi? Imekatika sehemu gani, inahitaji kalvati ngapi, TARURA wilaya waliomba kiasi gani na wakapewa kiasi gani? Hakuna hata jina la kijiji kimoja lililotoka mdomoni mwake. Waziri akitaka kumjibu mtu wa namna hiyo ajibu nini? Hajaulizwa kitu!

Na hili la barabara linaniuma kwa sababu fedha tunatoa. Tangu bajeti ya 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 100 iliyoongezwa kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kijana wa bodaboda anayeweka lita mbili za kwenye chupa ya maji kando ya njia ameshachangia. Halafu kijana huyohuyo akifika kwenye korongo letu anashusha abiria, anavusha pikipiki kwa kuisukuma juu ya magogo mawili ya mnazi tuliyoyalaza wenyewe. Masika yakichanganya hata hayo magogo yanaondoka. Nani wa kuuliza shilingi zetu zimeishia wapi kama siyo yule tuliyempeleka Dodoma?

Kuna siku aliuliza swali la msingi kuhusu maji, nikasema angalau. Naibu waziri akamjibu kwamba Serikali itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana. Jibu hilo kila Mtanzania analijua kwa moyo. Kwa utaratibu, mbunge aliyeuliza anapewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo mbunge anayejua kazi anapombana waziri: mwaka gani wa fedha, kiasi gani, mkandarasi anaingia lini kazini. Wa kwetu akasimama, akashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, kisha nyongeza yake ikawa kumuomba naibu waziri aambatane naye kutembelea jimbo. Naibu waziri akakubali palepale, bila shaka, maana kukubali safari hakugharimu bomba hata moja.

Nije kwenye zahanati, na hapa naomba mnivumilie maana ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 ulisema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kijiji chetu hakikukaa kusubiri. Mkutano mkuu wa kijiji ukapanga mchango kwa kila kaya, wanaume wakachota mchanga mtoni, akina mama wakabeba maji ya kufyatulia tofali, wazee wasio na nguvu wakatoa kuku na mahindi vikauzwa. Boma likasimama mpaka lenta. Tuliambiwa tukifika lenta Serikali itapaua. Tumefika lenta. Leo tofali za juu zinamong'onyoka kwa mvua, ndani kumeota vichaka, chumba tulichokusudia kiwe cha kujifungulia mbuzi wanalala humo.

Mjamzito wa kwetu uchungu ukimshika usiku anapandishwa bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mama mkwe nyuma anamshikilia asidondoke, mpaka kwenye lile korongo nililolisema. Hapo anashuka, anavuka kwa miguu, anapanda tena. Akipata matatizo makubwa safari ni mpaka Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kuna mmoja alijifungulia kando ya njia, kwa mwanga wa tochi za simu, akina mama wenzake wakimzungushia kanga. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini mbunge hastahili sifa yoyote katika kupona kule.

Mheshimiwa alijua. Alipokuja tulimpeleka mpaka kwenye boma, akaingia, akainua kichwa kutazama juu, akaahidi bati. Na bati zikaja kweli, na mpiga picha, na kipaza sauti, akasema "nimewaletea bati zangu." Zake? Zile zilitoka Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, mfuko uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Ni fedha za umma, zinapitia halmashauri, na mbunge ni mwenyekiti wa kamati inayoamua miradi. Anaisimamia kwa niaba yetu, basi. Hakutoa senti mfukoni mwake.

Tena zililetwa bati peke yake. Mbao za kupaulia hazikuletwa, misumari hakuna, fundi hakuna. Hivi tunavyoongea bati hizo zimeegemezwa ukutani kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji, nyuma ya meza, na za chini zimeanza kushika kutu kwa unyevu wa sakafu. Kamati iliyokaa na kupitisha bati bila mbao ilikuwa inajenga zahanati au inatafuta picha?

Kwenye mkutano wa hadhara nilinyoosha mkono nikaomba tusomewe mapato na matumizi ya mfuko huo kwa kata yetu. Katibu wa mbunge akanijibu niandike barua. Nikaandika, nikaipeleka kwa mkono ofisini kwake, ikapokelewa. Jibu halijaja.

Mbunge wa jimbo pia ni mjumbe wa baraza la madiwani, ambalo hukaa kila robo mwaka. Huko ndiko bajeti ya halmashauri inakopitishwa, na ndiko inakofuatiliwa asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotakiwa kwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Diwani wetu anasema kiti cha mheshimiwa mara nyingi ni kitupu, taarifa inayofika ni kwamba ana majukumu ya kitaifa. Lakini fainali ya kombe lake hajawahi kuikosa. Wageni wa Tanga ndio wanaoimbiwa waja leo waondoka leo. Mbunge hatukumchagua awe mgeni.

Najua watakuja wa kusema wananchi wenyewe ndio wanaomuomba misaada. Ndiyo, wanaomba, kwa sababu tangu achaguliwe hicho ndicho pekee alichowaonyesha. Kuja msibani na kutoa rambirambi ni utu, na futari ya Ramadhani aliyeipokea aliipokea kwa shukrani. Ila mchele wa futari unaisha siku ileile, na mjamzito bado atapanda bodaboda.

Ninachotaka ni kidogo. Taarifa ya Mfuko wa Jimbo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata, mradi kwa mradi, shilingi kwa shilingi. Mbao ziletwe, boma lipauliwe kabla ya masika. Na kwenye kikao kijacho cha Bunge alitaje korongo letu kwa jina, na kijiji chetu kwa jina, na asikae chini mpaka apewe mwaka na kiasi.

Wa majimbo mengine nawaomba mniambie: kwenu wabunge wanasoma matumizi ya mfuko huu mbele ya wananchi? Kama kuna anayefanya hivyo elezeni anafanyaje, nimpelekee diwani wetu kama mfano. Na kwa machawa wanaojiandaa kuniita muongo, Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, ziko wazi kwenye tovuti ya Bunge. Nimeanza kuzipitia kikao kwa kikao. Kila alichosema kuhusu jimbo letu nitakiweka hapahapa neno kwa neno, na vikao ambavyo hakusema chochote nitaviweka pia.