Trasti za ardhi Marekani: mtu mweusi anapata nyumba au nusu nyumba?

Mwanamtaa: Wakuu habari zenu, naomba tusaidiane. Nafuatilia hizi trasti za ardhi za jamii za Marekani, yaani mashirika ya jamii yasiyo ya faida yanayoshika ardhi, ile kwamba ardhi inabaki ya trasti, wewe unanunua nyumba iliyo juu yake tu na ardhi unapangishwa kwa mkataba wa miaka 99, siku ukiuza bei ina kikomo ili anayekuja naye aimudu. Kinachoniuma ni hiki: miaka ya 1930 ramani za serikali zilipaka mitaa ya watu weusi rangi nyekundu, yaani hatari kukopesha, mikopo wakanyimwa, wazungu wakakopeshwa, nyumba zikapanda, wakarithisha watoto. Leo zamu ya mweusi imefika ndo anaambiwa faida isizidi hapa. Hii haki kweli?

Karani: Mkuu hilo swali ni la msingi na wengi wanalikwepa. Ila jiulize huyo mtu bila trasti angekuwa wapi, wengi wangekuwa bado wanapanga, na mpangaji nyumba ikipanda yeye anapandishiwa kodi tu. Trasti ya Burlington, Vermont, iliyoanza 1984, muuzaji anarudishiwa alichokwisha kulipa kwenye mkopo na juu yake anapata robo ya thamani iliyoongezeka. Robo ni kidogo sikatai. Lakini msukosuko wa mikopo ya nyumba wa 2008 ulipokuja, wenye nyumba za trasti walionyang'anywa na benki walikuwa wachache sana ukilinganisha na wengine, na mitaa ya weusi ndo ilikuwa inaumia kuliko yote.

Nyuki wa Asali: Jamani tusisahau trasti ya kwanza yenyewe ilianzishwa na watu weusi. Shamba la New Communities, Georgia, 1969, akina Charles na Shirley Sherrod na wenzao wa harakati za haki za kiraia, karibu eka 5,700, maana enzi hizo mkulima mweusi akijiandikisha kupiga kura tu anafukuzwa kwenye shamba la mzungu anapoishi. Kwahiyo walitaka ardhi ambayo hakuna wa kuwafukuza. Halafu ukame ukapiga, wakaomba mkopo wa dharura serikalini wakazungushwa weee, 1985 shamba likaenda. Fidia ya kubaguliwa huko, dola kama milioni 12, wamekuja kuipata 2009! Miaka 24. Ndo maana mimi nasema trasti peke yake haitoshi kama anayetoa mkopo bado anabagua.

Mwanamtaa: Asante, hiyo ya Georgia sikuijua kabisa. Sasa nani anapanga hicho kikomo cha faida?

Karani: Bodi. Kawaida theluthi wakazi wa nyumba za trasti, theluthi majirani, theluthi wengine kama wataalamu na serikali. Ila shirika la wakazi wa Dudley Street kule Boston wameenda mbali zaidi, viti vya wakazi kwenye bodi ya mtaa vimegawanywa sawa kwa weusi, Walatino, watu wa Cape Verde na wazungu, na 1988 jiji liliwapa mamlaka ya kutwaa viwanja vilivyotelekezwa.

Mwanamtaa: Basi kama bodi ndo inaamua, mimi ningekuwa mkazi kule ningegombea kiti na hoja yangu ya kwanza ingekuwa hiyo robo iongezwe.