Timu ya vijana ya kupatia leseni tu! Dogo hawamchezeshi, na barua ya kumwachia hawatoi

Wakuu, jina la klabu silitaji maana dogo bado yuko mikononi mwao. Ni ya Ligi Kuu, ipo hapa hapa Dar.

Mtoto wa dada yangu walimchukua akiwa kidato cha pili. Beki wa kushoto, mguu anao. Leo ana miaka 19 na hajawahi hata kukalia benchi la wakubwa. Nauli ya mazoezini anatoa mama yake, muuza vitumbua. Jezi aliyopewa jina la mchezaji aliyeivaa kwanza limebanduliwa mgongoni, ila ukisogea unalisoma vizuri tu. Alipoumia nyonga akaambiwa akapumzike kwao, akipona apige simu. Daktari wa timu yupo, lakini ni wa wakubwa.

Timu ya vijana wanayo kwa sababu CAF, shirikisho la soka Afrika, bila timu hiyo hawakupi leseni ya klabu, basi. Siku ya ukaguzi madogo wanavalishwa traksuti mpya, wanapigwa picha, jioni zinarudishwa stoo. Dirisha la usajili likifunguliwa mbio ni za kujaza nafasi za wachezaji wa kigeni.

Hayo yote tulimeza. Kilichonichefua: timu ya daraja la chini imemtaka, ina namba yake kabisa, jamaa wanadai tulipe "gharama za malezi" ndiyo watoe barua. Malezi yapi? Aliyelea ni vitumbua vya dada! Tukiomba nakala ya mkataba, katibu kasafiri. Kila siku kasafiri.

Na uroho wenyewe hauna hesabu. FIFA imeweka wazi: mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada wanagawana waliomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alipita African Lyon, Simba, TP Mazembe, akauzwa Genk ya Ubelgiji 2016, kisha Aston Villa ya Uingereza 2020. Mchezaji wa hivyo akihama, waliomlea wana fungu lao kisheria. Sasa dogo aliyefungiwa kabatini atauzwa na nani?

Mwenye kujua namna ya kupeleka shauri Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho letu la soka, anielekeze: nani anaandika barua, mzazi au mchezaji mwenyewe? Na bila nakala ya mkataba watatusikiliza? Dirisha linakaribia kufungwa, na wale wa daraja la chini wameshaanza kuulizia beki mwingine.