Wakuu, ngome ya kale inafaa kujifichia mazombi? Kaka yangu kaniharibia hadithi

MwandikaUsiku
Habari za saa hizi wakuu, poleni na majukumu.

Kuna hadithi ndefu naiandika, nimefika sura ya nane. Mazombi yameenea dunia nzima, serikali hakuna, umeme hakuna, barabara zimezibwa na magari yaliyotelekezwa. Watu thelathini wanakimbilia kwenye ngome ya kale ya mawe iliyokuwa makumbusho. Kuta mita kumi kwenda juu, lango moja, minara minne, uwanja wa ndani kama mita 30 kwa 30, kisima katikati. Nikajiona nimemaliza kazi. Nikampa kaka yangu daftari asome, karudisha keshoye. Pembeni ya sura ya tano kaandika kwa kalamu nyekundu: "Hawa wiki ya tatu wameshakufa wote. Endelea tu kuandika."

Nimembana anieleze, anacheka tu. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Mazombi yangu yanatembea polepole, hayapandi ukuta, hayana akili, hayalali na hayachoki. Yanafuata sauti. Ukiumwa, unageuka baada ya saa chache, ukichelewa sana ni siku mbili. Naomba ushauri: niwaache humo ngomeni au niwahamishe? Nataka wafike walau mwaka mmoja. Na tafadhali, asitokee mtu wa kuniambia niwapandishe nyambizi.

Kobe_Mzee
Siti ya mbele kabisa. Wenye elimu shukeni.

Jiwe_la_Pembeni
Mkuu, kaka yako ana hoja. Nyie waandishi mnaichora ngome kama ilivyokuwa siku mafundi wanakusanya vyombo vyao, wakati watu wako wanaikuta ilivyo leo. Ngome nyingi za kale sasa hivi ni magofu yaliyotengenezwa kidogo kwa ajili ya wageni. Sakafu za juu zilikuwa mbao juu ya boriti, zimeoza zamani, kwa hiyo ukiingia kwenye huo mnara wako ukatazama juu unaona mawingu. Lango la asili halipo, pana kigeti cha kukatia tiketi ambacho hata mtoto anakiruka. Daraja la kunyanyua limewekwa la zege, halinyanyuki. Handaki limekaushwa na kupandwa majani, watu wanapigia picha za harusi. Kisima kimefunikwa wavu wa chuma, chini yake kifusi na sarafu za walioomba bahati.

Na kuna hili ambalo naamini hukuliwaza: jengo linalopokea wageni huongezewa mlango wa dharura. Basi lango lako si moja. Siku ya kwanza, kabla mtu hajatua mzigo, wawili wauzunguke ukuta wote wakitafuta ngazi za chuma, mlango wa wafanyakazi, na matundu yaliyotobolewa kupitisha mabomba. Hapo una sura nzima ya bure, nakupa.

MwandikaUsiku
Duh. Mlango wa dharura! Naandika hapa mkono unatetemeka.

Mchokozi
Mnajisumbua bure. Wapelekeni Great Zimbabwe. Kuta zinafika mita 11, unene mita 5, mawe yamepangwa bila hata tone la saruji na yamesimama karne na karne. Zombi gani atapenya?

Jiwe_la_Pembeni
Atapita mlangoni, mkuu. Wanaakiolojia wengi wanaona kuta zile zilikuwa za kuonyesha ukubwa wa watawala na kuwasitiri, si za vita, ndiyo maana njia za kuingilia ziko wazi.

Mchokozi
Haya, nakaa kimya. Kwa sasa.

MtuWaRamani
Mmeongea sana kuhusu kuta, mimi niongelee muda.

Ngome haikujengwa ili watu waishi ndani daima huku adui yuko nje. Ilijengwa kuchelewesha. Waliojifungia walikuwa wanangoja moja kati ya mawili, jeshi la kuwaokoa lifike au yule anayewazingira ashindwe kuendelea. Na mara nyingi wa nje ndiye aliyetaabika kwanza, maana maelfu ya watu wamepiga kambi kwenye matope, wanataka kula, wanaharisha, mshahara haujalipwa, na msimu wa kulima unawapita huko kwao.

Sasa msimamishe zombi pale nje. Hali chakula cha ghala, haharishi, hadai mshahara, hana shamba la kurudia. Na jeshi la kuwaokoa wewe mwenyewe umeliua sura ya kwanza. Ngome yako imebaki na nusu ya kazi yake: inazuia, lakini hakuna kinachongojwa.

Tazama Fort Jesus, ngome ya Wareno pale Mombasa. Ilijengwa 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ukisimama chini ya kuta zake unaona kabisa kwamba huyu mtu alijua kazi. Waomani waliizingira Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698. Miezi 33! Na katikati hapo meli za msaada kutoka Goa, koloni la Wareno huko India, zilifika. Maradhi na njaa viliwamaliza waliokuwa ndani kuliko risasi, hadi mwisho wake waliobaki kuilinda walikuwa wachache mno. Yaani hiyo ni ngome iliyopata msaada, watu wake wakafa hivyo hivyo.

Nyingine ni ngome ya Edinburgh, Uskoti, 1573. Mizinga iliangusha mnara, kifusi kikaziba kisima, na haikupita muda ngome ikasalimu amri. Kuta nyingine zilikuwa bado zimesimama.

Nikiwa wewe ningempa mhusika mmoja swali hili aliseme kwa sauti usiku wa kwanza: humu ndani tunangoja nini? Wenzake wakikosa jibu, kaka yako ameshinda.

FundiBomba
Hapo kwenye kisima mmenigusa.

Mwandishi, kisima chako hukusema kina urefu gani. Visima vya ngome za mlimani vinaweza kuwa vya kutisha. Kile cha Königstein, Ujerumani, kinashuka mita 152.5 kwenye mwamba mtupu, kilichimbwa karne ya 16. Hebu fikiria kuvuta ndoo kutoka huko bila mashine, kwa watu thelathini, kila siku ya Mungu. Kwa hiyo kisima kiwe cha akiba, maji yenu yatoke mbinguni.

Hesabu ni nyepesi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba unapata lita 1. Ukipata mita za mraba 500 za mapaa na sakafu ya mawe iliyosafishwa, na eneo lenyewe linapata milimita 600 kwa mwaka, hizo ni lita 300,000. Toa moja ya tano ya kupotea, zinabaki 240,000. Wanaotoa misaada kwenye kambi za wakimbizi hupiga lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga. Watu 30 kwa mwaka ni lita 164,250. Mnatosha. Mkifika 50 hamtoshi, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kazi ni kuyahifadhi. Kiangazi cha miezi mitano kinataka kama lita 67,500 zikiwa zimekaa mahali, yaani tangi la mita 7 kwa 5 lenye kina cha mita 2. Ngome nyingi za zamani zilikuwa na matangi ya namna hiyo chini ya sakafu, yamepigwa lipu ya chokaa. Waambie watu wako watafute la kwao kabla hawajachimba jipya. Huenda limegeuzwa stoo ya viti.

Kwenye chakula siwezi kukudanganya. Nafaka kavu kwa watu 30 ni kama kilo 18 kwa siku, tani sita na nusu kwa mwaka. Uwanja wako wote ukiulima ni mita za mraba 900, haufiki robo eka. Hamuwezi kula kutoka humo.

NesiWaZamu
Nimesoma yote, hakuna hata mmoja aliyeuliza choo. Wanaume nyie!

Watu thelathini wanataka matundu mawili ya choo, na choo cha shimo kinatakiwa kikae mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji. Uwanja wako ni mita 30 kwa 30 na kisima kiko katikati. Popote utakapochimba, uko ndani ya mita hizo. Wiki ya tatu ya kaka yako nadhani imetokea hapo: mmoja anaharisha, kinyesi kinaingia kisimani, wote wanaharisha, hakuna dripu. Zombi hajagusa mtu.

Dawa yake ipo kwenye ngome yenyewe. Wajenzi wa zamani walitengeneza vyoo vilivyoning'inia nje ya ukuta, kijumba kidogo cha mawe huko juu, kila kitu kinaanguka nje. Tafuta kwenye mnara. Kiwe upande ambao hampiti na maji ya mvua hayarudi ndani.

La pili, wageni. Anayefika langoni haingii moja kwa moja. Mwaka 1377 mji wa Dubrovnik, Kroatia ya leo, wakati ule ukiitwa Ragusa, waliamua anayetoka kwenye maeneo ya tauni akae nje ya mji siku 30 kwanza. Wewe ugonjwa wako unajionyesha ndani ya siku mbili, una bahati kuliko wao. Mpe chumba kati ya lango la nje na la ndani, siku nne, mlango umefungwa kwa nje. Hata akiwa mama wa mtu. Hasa akiwa mama wa mtu.

Mchokozi
Nimerudi. Kuhusu choo na sakafu zilizooza: Erfurt, Ujerumani, 1184, wakubwa walikusanyika mkutanoni mbele ya mfalme, sakafu ikavunjika, wakaporomoka mpaka kwenye shimo la kinyesi chini. Watu kama 60 wakafa. Kwa hiyo mwandishi, boriti kwanza.

NesiWaZamu
Leo umeongea la maana.

MtuWaRamani
Naongezea kwenye hilo la wageni. Château Gaillard, Ufaransa, majira ya baridi ya kuingia 1204. Wanavijiji walikuwa wamekimbilia ndani, chakula kikapungua, kamanda akawatoa nje. Mwanzo jeshi la mfalme wa Ufaransa liliwaacha wapite, baadaye likakataa. Mamia wakakwama kati ya ukuta na jeshi, mbele hawaendi, nyuma hawarudi, wengi wakafa njaa huku wa ndani wanawaona. Halafu ngome yenyewe ilianguka Machi mwaka huo huo. Simulizi maarufu inasema askari walipenya kupitia bomba la choo, ingawa wapo wanahistoria wanaosema lilikuwa dirisha la kanisa. Zombi wako hapandi, choo hakikutishi. Wale wa kati ya ukuta na jeshi ndio ningewaandika.

UpepoWaBahari
Kwa nini msiende kisiwani? Mont Saint-Michel, kisiwa cha Ufaransa chenye ngome, Waingereza walishindwa kuichukua vita yote ile ya miaka mia.

Jiwe_la_Pembeni
Maji yakikupwa ni mchanga mtupu pale, na siku hizi kuna daraja la kudumu. Zombi atangoja kupwa, hana haraka. Ukienda Fort Boyard, huko huko Ufaransa, uko katikati ya bahari kweli, jiwe limesimama kwenye maji, lakini ya kunywa lazima yaletwe. Halafu mwandishi atwambie: mazombi yake yanapumua? Kama hayapumui yatatembea chini ya bahari na uzi huu tuufunge.

MwandikaUsiku
Yanapumua! Kuanzia leo yanapumua.

BwanaKamusi
Vijana, mnajua neno "gereza" lilikotoka? Linatajwa kuwa ni Kireno, "igreja", kanisa. Likaja kwetu likawa ngome, mpaka leo lile boma la Kilwa Kisiwani linaitwa Gereza. Kisha likawa jela. Na Fort Jesus yenyewe ilifanywa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Lugha imewaeleza mapema, ni jengo lile lile, inategemea komeo liko upande gani.

Mwandishi kawajengea watu wake lango moja. Mazombi yanafuata sauti, watu wanatumia lango, basi mazombi yatarundikana hapo hapo. Mwezi wa pili hakuna anayetoka, na Fundi kashasema mle ndani hakuna cha kula. Wazee waliojenga ngome waliweka kimlango cha nyuma, chembamba, mtu mmoja kwa wakati, mara nyingi kimefichwa kwenye kona ya mnara. Huo mlango wa dharura mnaoulalamikia, msiuzibe kwa mawe. Utieni komeo la ndani muutunze.

Kisha kengele. Mtu anaigonga juu ya lango kuu asubuhi, mazombi yote yanakusanyika mbele, wenzake wanatoka nyuma kwenda kulima. Jioni hivyo hivyo wakati wa kurudi. Wanavijiji wa zamani hawakuishi ngomeni, waliishi mashambani wakakimbilia humo hatari ikija. Fanyeni pa kulala na pa kukimbilia.

FundiBomba
Mzee umemaliza. Ila mgonga kengele asiwe mtu mmoja kila siku, atachanganyikiwa.

MwandikaUsiku
Wakuu, mrejesho. Nimefuta sura ya tano hadi ya nane, nimeandika upya siku nne mfululizo. Mlango wa dharura upo, boriti zimekaguliwa (mmoja kavunjika mguu, samahani), tangi la chini ya sakafu limepatikana limejaa viti. Chumba cha siku nne kipo na mama wa mtu yumo ndani anagonga mlango. Kengele inagongwa kwa zamu. Nimempelekea kaka daftari juzi, leo karudisha.

Kurasa arobaini hajagusa. Ukurasa wa arobaini na moja, kalamu nyekundu: "Na choo kiko wapi?"

NesiWaZamu
Mnara wa nyuma, juu, kinaning'inia nje. Nimeandika hapo juu mkuu, rudi usome.