Meza ya futi 6, chumba kidogo Mji wa Kale: droo ngapi zitaingia?

Patasi_Butu: Waungwana, salaam aleikum. Nina karakana Mji wa Kale, Mombasa, futi 10 kwa 8. Meza ya kazi ni futi 6 kwa 2½, kimo inchi 34, chini iko wazi. Randa, patasi, misumeno ya mkono, drili mbili, jigso (msumeno wa umeme wa kukatia mapindo) na klempu (vibanio) 9 zote zalala kwenye makreti ya soda. Nikitaka patasi moja napakua kreti zima. Nataka droo chini ya meza, na juu kabati la kubandika ukutani. Nifanye droo ngapi? Nina wiki mbili tu na usingizi sipati.

Klempu_Hazitoshi: Sita, safu mbili za tatu. Toa inchi 2 za uso wa meza na 4 za chini pa kuingiza vidole vya miguu, wabaki na 28. Ya juu inchi 4 (patasi na vya kupimia), ya kati 8 (randa), ya chini 14 (mashine), zilizobaki ni nafasi za katikati. Reli za gololi, zile droo inazotelezea, zala nusu inchi kila upande, kwa hiyo uwazi wa inchi 30 wataka droo ya 29 kamili. Ikizidi kidogo inakwama, ikipungua sana reli inachomoka.

Chumvi_Ya_Bahari: Droo si hoja, hoja ni kutu. Kusi ikianza, randa iliyolazwa juu ya sifongo inashika kutu upande wa chini, kwa sababu sifongo inanyonya unyevu na kuukalia. Weka vijiti vyembamba chuma kipumue, toboa matundu mawili ya nusu inchi nyuma ya kila droo, na upake mafuta ya cherehani kwa kitambaa, usimimine.

BabaKijiti: Klempu 9 kwenye futi 8? Uza tano ununue feni 😂

Klempu_Hazitoshi: Kabla ya hilo kabati: ukuta ni wa nini, na mbao gani?

Patasi_Butu: Ukuta ni ukuta tu, na mbao ninazo. Mimi nauliza droo.

Klempu_Hazitoshi: Yakhe, kabati lenye vyuma ni kilo 40 kwenda juu. Sema ukuta.

Patasi_Butu: Haya. Ni nyumba ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa. Ni ya kupanga na mwenyewe hataki nitoboe. Lakini skrubu nne ndefu hataziona. Na mbao ni MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18, shiti tatu, nshakata. Dukani waliniambia nikipiga rangi haidhuriki na maji.

Chumvi_Ya_Bahari: Chukua kipande ulichokata, loweka ukingo kwenye bakuli usiku kucha. Asubuhi utaukuta umeumuka kama mahamri. Rangi yasaidia usoni, ila maji huingilia kwenye ukingo uliokatwa na kwenye tundu la skrubu.

Klempu_Hazitoshi: Na skrubu ya ukingoni inaipasua MDF ukiacha kutoboa kwanza. Isitoshe shiti moja ni kilo kama 40. Droo zitakuwa nzito kabla hujaweka kitu. Itumie kwa nyuso za mbele za droo tu, kingo upake mara mbili vanishi iliyozimuliwa, msasa katikati. Ubavu wa droo uwe plaiwudi ya milimita 12, fremu saiprasi ya inchi 2 kwa 2.

Ukuta usiuguse. Chokaa ya zamani inamung'unyuka, plagi za skrubu zinazunguka tu ndani ya tundu, na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Funga nguzo mbili za inchi 3 kwa 2 kwenye miguu ya nyuma ya meza kwa bolti za milimita 10, zipande futi 6. Katisha kwenye nguzo mbao zilizochanwa mshazari wa digrii 45, na kila kifaa kiwe na kipande chake kilichochanwa hivyo hivyo, cha kuning'inia juu ya mbao hizo. Acha inchi 2 kati ya nguzo na ukuta, maana matumbawe hutoa chumvi. Mashine nzito zikae chini, la sivyo meza itapinduka.

Patasi_Butu: MDF siitupi, nimelipa. Nikipiga rangi mara tatu je?

Pimamaji: Ngojeni. Hii ni hekaya. Kuta za matumbawe zafika futi moja na nusu unene. Bwana huyu ana "karakana" lakini vifaa vyote viko kwenye makreti, na hajasema mlango uko wapi. Hizo futi 10 kwa 8 umepimia wapi?

BabaKijiti: Tumelishwa porojo 😂

Pimamaji: Patasi_Butu, jibu.

Patasi_Butu: Si uongo. Sijahamia. Meza iko Kisauni, ufunguo napewa mwisho wa mwezi. Nilipimia nje, barazani.

Pimamaji: Basi toa ukuta wa futi moja na nusu kila upande, ndani ni kama 7 kwa 5. Meza ya inchi 30 inakuachia inchi 30 za kusimama. Vuta droo ya inchi 18: wabaki na 12, utaifungua ukiwa mlangoni.

Klempu_Hazitoshi: Nafuta zile droo zangu. Pasua uso wa meza: inchi 18 zibaki, 12 za mbele ziwe jani la kukunja kwa bawaba ndefu, na vishikizo viwili vya pembetatu chini. Jani likishuka, toa na zile 2 za ukutani, una inchi 40 za kusimama. Jani hilo linaziba droo za juu, kwa hiyo patasi zipande kwenye nguzo. Droo za chini ziwe za reli ya inchi 14, zikivutwa zakuachia 26 za kuinama. Lakini pima ndani kwanza, pembe zote nne. Kuta hizo hazinyooki.

Patasi_Butu: Na reli za inchi 18, pea 6?

Klempu_Hazitoshi: Nazo ushanunua?

Patasi_Butu: Nshanunua.

Pimamaji: Risiti unayo?