Mtoto anataka sherehe ya maharamia, na mjomba wake aliwahi kutekwa nao. Nifanyeje?

Dada wa Bombo (mtoa mada)
Wakubwa shikamooni, wadogo habari za jioni. Naomba ushauri, na tafadhali msome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Mwanangu wa kwanza anatimiza miaka 9 Jumamosi ya wiki ijayo. Tangu mwezi uliopita wimbo ni mmoja: anataka bethdei ya maharamia. Keki iwe na bendera nyeusi ya fuvu, wapate kofia za pembe tatu, vitambaa vya jicho na panga za plastiki. Ameyaona kwenye katuni. Ameshachora na ramani ya hazina, alama ya X iko chini ya mwembe wa bibi yake.

Tatizo ni kaka yangu. Ni baharia, fundi wa injini. Mwaka 2010 meli aliyokuwemo ilitekwa na maharamia wa Kisomali, akakaa mateka miezi saba. Tulikuwa tunapigiwa simu usiku, tunasikia sauti yake dakika moja, inakatika. Mama alikuwa analala na simu mkononi. Aliporudi hajawahi kukaa akatusimulia, na sisi hatujawahi kumuuliza.

Mwanangu anampenda mjomba wake kuliko mtu yeyote na lazima awepo siku hiyo. Watoto 15 wakimvamia na panga wakipiga kelele "toa dhahabu", sijui itakuwaje. Baba watoto anasema nakuza mambo, mchezo ni mchezo. Nikikataa, mtoto nimwambie nini? Na hao wa kwenye katuni na hao waliomchukua kaka yangu, ni kitu kimoja?

Kijana wa Ngamiani
Dada, shemeji yuko sahihi. Watoto wanacheza polisi na mwizi kila siku na hakuna anayekuwa mwizi. Fanya sherehe.

Mwalimu wa Zamu
Nafundisha historia sekondari, nijibu lile swali la mwisho maana ndilo linalonigusa. Ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba wale wa zamani wamepita miaka 300 na waliowaumiza hawana tena wa kuwasemea.

Mchukue yule maarufu kuliko wote, Edward Teach, Ndevu Nyeusi. Meli yake kubwa ilikuwa ya Wafaransa, La Concorde, meli ya kubebea watumwa kutoka Afrika. Aliiteka Novemba 1717 karibu na Martinique akaipa jina la Queen Anne's Revenge. Mei 1718 aliufunga mlango wa bandari ya Charleston, Marekani, akakamata watu na kutishia kuwaua. Unajua alichodai? Sanduku la dawa. Novemba 22 mwaka huohuo akauawa kule Ocracoke, kichwa chake kikatundikwa mbele ya meli iliyomshinda.

Ramani yenye X, kasuku begani, nahodha wa mguu mmoja: hayo mtoto ameyapata, kwa kupitia mikono mingi, kwenye kitabu cha Robert Louis Stevenson cha mwaka 1883. Haramia wa kweli kwa kawaida hakuzika kitu. Waliteka sukari, nguo, matanga, kamba, wakagawana na kutumia mpaka ziishe.

Lakini sitaki umwambie mtoto kwamba walikuwa mashetani tu. Vita vya Ulaya vilipoisha 1713 mabaharia maelfu walibaki bila kazi, na kwenye meli za biashara mshahara ulikuwa mdogo, viboko vingi. Kwenye meli ya haramia Bartholomew Roberts kila mtu alikuwa na kura, taa zilizimwa saa mbili usiku, na aliyepoteza kiungo alilipwa fidia kutoka mfuko wa wote. Kwenye meli za biashara baharia wa kawaida hakuwa na kura hiyo. Roberts alipouawa Februari 1722, ilikuwa pwani yetu hii ya Afrika, karibu na Cape Lopez, Gabon ya leo. Watu wake 52 walinyongwa Cape Coast, Ghana.

Kisiwani Juani
Mwalimu ahsante, ila tusiende mbali hivyo. Mimi ni wa Mafia. Kwetu Juani kuna magofu ya Kua, mji mzima wenye misikiti na majumba ya mawe. Wazee wanasema uliangamizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska, wakaua na kubeba watu utumwani. Nimekulia pale. Hakuna mtoto wa Juani anayecheza mchezo huo.

Na mwaka 1695 haramia Mwingereza, Henry Every, aliiteka meli ya Ganj-i-Sawai ikirudi India na mahujaji kutoka Maka. Waliomo waliteswa, wanawake wakaingiliwa kwa nguvu. Hakukamatwa mpaka leo, na kwao akaimbiwa nyimbo.

Mtetezi wa Bahari
Samahani dada, kaka yako alidhulumiwa. Ila tuseme na hili: serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, meli za uvuvi za kigeni ziliingia kukomba samaki bila kibali. Wavuvi wale walianza kwa kulinda maji yao.

Baharia Mstaafu
Wapo walioanza hivyo, sikatai. Lakini waliolipa ni nani? Aprili 2009 Maersk Alabama ilivamiwa ikileta chakula cha msaada Mombasa. Nahodha wake Mmarekani alishikwa siku chache tu, manowari zikaja, filamu ikatengenezwa. Iceberg 1 ilitekwa Machi 2010, mabaharia wake kutoka Yemen, India, Ghana, Sudan, Pakistan na Ufilipino wakakaa mpaka Desemba 2012. Karibu miaka mitatu! Nani anawajua? Mwenye meli kimya, serikali zao kimya. Mtoto wa maskini amekamata mtoto wa maskini mwenzake.

Dada yangu, nimekaa baharini miaka 26. Sote hapa tunakushauri na mwenye jeraha yupo. Nenda kamuulize. Usimzungushe na usimuulize mbele za watu. Mwambie mtoto anataka hivi, wewe unaonaje. Baharia anaumia zaidi watu wakimnong'ona kuliko wakimuuliza.

Kijana wa Ngamiani
Mzee umenifunga mdomo. Dada nafuta niliyosema juu.

Dada wa Bombo (mtoa mada)
Nimerudi. Jana nilienda kwake baada ya magharibi. Nilikuwa natetemeka.

Aliniacha nikamaliza, akacheka. Akasema kofia na fuvu havimsumbui hata kidogo, wale waliomteka walivaa kanzu na ndala kama watu wengine. Kinachomsumbua ni mlio wa mashine ya boti ya faiba ikija kasi, na ngazi. Walipanda kwa ngazi yenye ndoano. Mpaka leo, akasema, hapandi ngazi mtu mwingine akiwa chini yake. Miaka yote hii sikujua. Tumekaa mpaka saa tano usiku, amenisimulia mengine ambayo nitabaki nayo mimi.

Ameomba mambo mawili. Pasiwe na mchezo wa kumfunga mtu mikono, hata kwa utani. Na yeye mwenyewe aongee na mpwawe kabla ya siku hiyo, kwa maneno yake.

Leo asubuhi waliongea barazani, mimi nikiwa jikoni. Mtoto aliuliza, "Mjomba, walikuwa na kasuku?" Akajibiwa, "Hapana. Walikuwa na njaa, na bunduki." Wakanyamaza kidogo, halafu mtoto akauliza kama na yeye alikuwa na njaa.

Sherehe ipo. Keki ya fuvu ipo, ramani ya mwembe ipo, panga nimeziondoa. Badala yake mjomba atawafundisha mafundo ya kibaharia, kila mtoto na kipande chake cha kamba, na hazina ataipata atakayefunga vizuri. Sasa kwa wanaojua: kamba gani ninunue, na urefu gani kwa mtoto wa umri huo?

Baharia Mstaafu
Katani, na uko Tanga, hutaihangaikia. Nailoni inateleza, fundo linafunguka mtoto anakata tamaa. Chukua unene wa kidole kidogo, kata pima moja, yaani mikono miwili ya mtu mzima ikinyooshwa, kwa kila mtoto. Zikazie ncha kwa uzi zisifumuke. Akianza na fundo la kitanzi watalishika kabla keki haijakatwa. Mpe salamu zangu.