Walimu, mnatumiaje vitu vya mtandao darasani wakati shule haina intaneti? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Fizikia, Kadutu (Bukavu)

Wandugu walimu, jambo yenu. Nafungua hii mada juu tukikutanaka tunaongea mishahara na programu ya mwaka tu, lakini namna ya kufundisha na hivi vitu vipya vya mtandao kila mtu anajifunza peke yake nyumbani usiku, na mwenzake wa darasa la pembeni hajui kitu.

Nianze miye. Nafundisha sekondari, laboratwari hatuna. Somo la umeme miaka yote ni kuchora kwa tablo: batri hapa, taa hapa, mishale. Watoto wanakopi vizuri, kwa mtihani wanarudisha vilevile, ila ukimuuliza mkondo ni nini kweli ananyamaza. Sasa kuko simulesheni zinaitwa PhET, zinatoka Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, Marekani, mradi wenyewe ulianzishwa 2002 na Carl Wieman, yule wa Nobel ya fizikia ya 2001. Ni bure, na Kifaransa kimo. Unafungua kwa brauza ya kawaida, unavuta batri, waya, taa, swichi, unaunganisha kwa kidole, na papo hapo elektroni zinaanza kutembea ndani ya waya, mtoto anaziona kwa macho yake. Ukiunga batri na waya tupu, moto unawaka juu ya skrini, darasa lote likasema eeeh! Kursirkwi (umeme kupita waya tupu bila taa) kila mtoto wa Kadutu anaijua kwa jina, lakini siku ile ndiyo waliiona inavyoanza.

Halafu nikawauliza umeme wetu unatoka wapi, wakajibu Ruzizi, kule kwa mitambo ya umeme ya mto. Basi tukasema batri ndiyo Ruzizi, taa ndiyo nyumba zetu. Mule kuko sehemu ya kuongeza rezistansi ya waya (namna waya inazuia umeme kupita), ukiipandisha kidogo na kuendelea kuongeza taa, zote zinafifia pamoja. Mtoto mmoja wa nyuma, yule hasemaki kitu, akasimama: "Mwalimu, ni kama jioni saa watu wote wanapika!" Hapo somo lilijifundisha lenyewe, wengine wakaanza kubishana waya mnene ungesaidia ao hapana.

Siri ni hii: simulesheni moja ni faili moja. Nyumbani usiku, saa mega (data za intaneti) ziko bei ya chini, naishusha kwa simu, kesho naituma kwa simu zingine kwa Bluetooth, inafunguka bila mtandao. Darasani hakuna mega hata moja inayoliwa. Haya, na ninyi mnafanyaje?

Mama Mwalimu, Ndosho (Goma)

Aksanti mwalimu kwa kufungua. Miye niko primeri, ya tano. Tangu masomo ya primeri kuwa bure 2019 madarasa yamejaa mpaka mlangoni, kwa hiyo kwangu kutumia simu ni kwa makundi, kundi moja na simu, wengine wanaandika, halafu tunabadilishana.

Chombo changu ni Kiwix. Inakuwekea Wikipedia nzima ndani ya simu ao kompyuta, unasoma bila mtandao. Ya Kifaransa ni nzito, ya Kiswahili ni nyepesi sana (ile ya Kiswahili iko tangu 2003, wengi hawajui kabisa kama iko). Kwa mlango wa darasa nimeweka daftari, mtoto akiwa na swali anaandika asubuhi, na mchana kundi lenye zamu linatafuta jibu lenyewe na kulisomea wengine. Wanauliza vitu ambavyo hata kwenye kitabu cha serikali havimo. Kwa nini mamba hana nywele. Nani alichimba ziwa Kivu.

Lakini ile iliyonigusa ni siku ya Nyiragongo, volkano yetu. Walisoma urefu wake mita 3,470, wakasoma juu ya mlipuko wa 22 Mei 2021. Kimya. Halafu msichana mmoja akasema, "Lakini hapa hawajaandika sisi tulitembea mpaka Sake na bibi kwa mgongo wa baba." Kila mtu akawa na yake, mwenye aliacha mbuzi, mwenye alipotezana na kaka yake barabarani wakakutana kesho yake. Nikawaambia waandike. Waliandika kurasa na kurasa, watoto wenye siku zingine mstari mmoja ni shida! Pale nilielewa hii teknolojia haiko tu ya kusoma vya wengine, mtoto akiona kuna pengo anataka kulijaza. Hizo karatasi ninazo kabatini na nataka kuzipiga kwa kompyuta watoto wenyewe wakishika kibodi.

Papa wa Hesabu, Ibanda (Bukavu)

Miye GeoGebra. Iko kwa simu, ikishashuka haiombi mtandao tena. Unaandika y = ax² + bx + c, unasogeza a kwa kidole, parabola inafunguka na kufunga, a ikipita chini ya sifuri inageuka juu chini. Kwa tablo hiyo ni saa nzima ya kuchora na kufuta. Watu wa Exetat (mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari), nawaambia kweli, mujaribu.

Sasa niseme kitu kimoja kinachoniuma. Kuko walimu wanatoa maswali kwa Google Forms, inasahihisha yenyewe, nakubali inapunguza kazi. Lakini ile inahitaji mtandao saa ya kujibu. Mtoto wa mzazi mwenye mega anajibu, mwenye hana anakuja shuleni na aibu anasema alisahau. Hakusahau. Tusitoe pointi kwa kitu chenye mtoto hana njia ya kukifikia, tafazali sana.

Fundi wa Katuba (Lubumbashi)

Papa, njo vile kabisa, na dawa iko. Huku L'shi tunatumia Kolibri. Unaiweka ku ordinateri ya mwalimu, hata ya zamani. Ile ordinateri inatoa wifi yake yenyewe, batoto banajiunga na simu ao tablete, banaandika adresi ku brauza (mwisho yake iko 8080), banaingia kila mutu na jina lake. Video, mazoezi, maswali, vyote biko ndani, intaneti hata kidogo. Na mwalimu anaona nani alikwama wapi. Miye hapo njo napenda sana: zamani nilikuwa najua tu mwenye alipata 4 juu ya 10, leo naona alikwama ku sehemu gani, kesho naanzia pale.

Umeme ukikatika batri ya ordinateri inashika saa kidogo, na sola ndogo inatosha. Mnakumbuka 31 Desemba 2018, intaneti ilikatwa inchi nzima mpaka Januari ya 2019? Mwenye vitu vyake viko ndani ya mashini, ile haimusumbue.

Mwalimu mpya, Bagira (Bukavu)

Shikamoni wakubwa. Miye nimeanza kazi mwaka huu. Shuleni kwetu simu za wanafunzi zimekatazwa na prefe (mkuu wa shule) hataki kusikia. Nifanye nini? Na PhET na Kiwix nazipata wapi, mega zangu ni za kuhesabu.

Mwalimu wa Fizikia, Kadutu (Bukavu)

Mdogo wangu, usibishane na prefe. Mwombe aje akae nyuma saa moja tu, umwonyeshe na simu yako peke yake, watoto wakizunguka meza. Wa kwetu alikuwa mkali hivyo hivyo, alipoona watoto wanabishana fizikia akauliza mwenyewe hiki kitu kinaitwaje. Leo simu tunazotumia ni za walimu, tunaazimana, zinahesabiwa kabla na baada ya somo, za wanafunzi zinabaki nyumbani. Na anza na somo moja, lile watoto wako hawalielewaki kabisa kwa chaki. Tablo usiiache: miye nachora kwanza, wanakisia kitakachotokea, wanaandika, ndiyo tunafungua simu. Bila kukisia wanaangalia tu kama filme.

Mama Mwalimu, Ndosho (Goma)

Mwanangu wa Bagira, mega usiharibu. Nipe kadi ya memori nikuwekee Kiwix na Wikipedia zote mbili, mtu wangu anashukaka Bukavu na boti. Ila kadi iwe kubwa, na iwe imeformatiwa exFAT (namna kadi inavyopangwa ndani), juu ile namna ya FAT32 haikubali faili moja inayopita GB 4, na ya Kifaransa yenye picha inapita mbali sana. PhET, huyo papa wa Kadutu atakutumia kwa Bluetooth, muko mji mmoja.

Mwalimu mpya, Bagira (Bukavu)

Aksanti mama, aksanti papa. Kadi nanunua mwisho wa juma hii pale Nyawera. Somo langu ni osmozi ya biolojia, ya tatu sekondari, kama kuna mwenye alishaifundisha na kitu chochote kati ya hivi aniandikie hapa.